Meno ya Ng'ambo ya Mto

Bibi ninayemhudumia ana miaka 87 na meno 22, yote yake mwenyewe. Idadi naijua kwa sababu ni mimi ninayempiga mswaki kila asubuhi. Vidole vyake vimejikunja kwa baridi yabisi na mswaki humponyoka. Katika nyumba za wazee nilizozunguka tangu nianze kazi hii hapa kaskazini mwa Uingereza, nimezoea kukuta bilauri ya maji kando ya kitanda, na ndani yake meno ya bandia yamelala yakinitazama. Kwa huyu hakuna bilauri. Siku ya kwanza nilidhani sijaiona, nikamuuliza meno kayaweka wapi. Akacheka, akayagonga kwa ukucha, ko ko ko.

"Ya kwangu haya, kipenzi. Mimi ni wa South Shields."

Alisema hivyo kama mtu wa kwetu anavyosema "mimi ni Mmeru", akaona amemaliza. Mimi sikuelewa. Meno na mji wapi na wapi?

Halafu nikajicheka. Kama kuna mtu anayepaswa kujua kwamba meno yana kwao, ni mimi. Nimezaliwa chini ya Mlima Meru, kati ya Usa River na Maji ya Chai, na meno yangu ya mbele yana rangi ya kahawia, mawili ya juu yana vishimo kama yameliwa na mchwa. Mara ya kwanza nimeingia Dar es Salaam, konda wa daladala aliniona nikitabasamu akasema, "Arusha, siyo?" Nilifunga mdomo mpaka Mwenge.

Kwa hiyo bibi yule aliponiambia meno yake ni ya South Shields, nilianza kumdodosa. Nikajua kwamba marehemu mumewe alikuwa wa North Shields, ng'ambo ya pili ya mto Tyne, na kwamba alioa akiwa hana jino hata moja. Aling'olewa yote kwa mkupuo akiwa na miaka 21, akawekewa ya bandia kabla ya harusi. Haikuwa ajali wala ugonjwa. Katika miji ya kazi ya kaskazini enzi hizo, kung'oa meno yote ya kijana anayekaribia kuoa au kuolewa ilikuwa zawadi: unamwondolea gharama na maumivu ya mbele ya safari. Nilidhani bibi ananichezea. Lakini mwaka 1968, serikali ilipohesabu kwa mara ya kwanza meno ya watu wazima wa England na Wales, watu 37 katika kila 100 hawakuwa na jino la asili hata moja. Nchi iliyotutawala ilikuwa na vibogoyo kiasi hicho, na sisi tulikuwa tunaonea aibu meno ya rangi.

Jumapili moja nisiyokuwa na zamu nikaenda kuvuka mto huo. Kivuko kinachukua kama dakika saba, hujamaliza hata kufungua karanga zako. Hapo Tyne inaingia baharini, upepo unakata masikio, na watu wa pande zote mbili, kwa sikio langu la mgeni, wanaongea lafudhi ileile. Zamani pande zote mbili waliishi kwa mambo yaleyale: makaa ya mawe, meli, samaki. Pande zote mbili ziliumizwa na ukosefu wa kazi wa miaka ya 1930. South Shields ina jambo lake moja, Waarabu wa Yemeni waliokuja kama mabaharia wa kuchochea makaa kwenye meli wakaoa na kukaa. Mtaa wa Laygate una msikiti ambao Muhammad Ali alifika mwaka 1977 kubarikiwa ndoa yake. Nilisalimiwa "asalamu aleikumu" na mzee mwenye macho ya kijivu, nikajisikia nyumbani kwa nusu dakika.

Ila kwa utawala hii ilikuwa miji miwili mbalimbali. South Shields ilikuwa chini ya jimbo la Durham kwa ramani, North Shields ilikuwa ndani ya manispaa ya Tynemouth upande wa Northumberland. Kila upande ulikuwa na halmashauri yake, daktari wake wa shule, wauguzi wake. Na kila upande ulikuwa na maji yake. Hapo ndipo hadithi ilipo, lakini lazima kwanza niwaeleze hao madaktari wa shule walitoka wapi, maana bila wao hakuna ambaye angejua lolote.

Walitokana na vita. Waingereza walipokwenda kupigana na Makaburu wa Afrika Kusini mwishoni mwa karne ya 19, vijana wengi waliojitokeza kuandikishwa walirudishwa kwa udhaifu wa mwili: kifua chembamba, miguu mibovu, meno yameoza. Wakubwa wakashtuka. Himaya inalindwa na nani? Kamati ikaundwa, ikatoa ripoti yake mwaka 1904. Mwaka 1906 ikapita sheria ya kuruhusu halmashauri kulisha watoto shuleni, na mwaka 1907 sheria ya kukagua afya zao. Tangu 1908 kila mtoto wa shule ya umma alitakiwa kutazamwa na daktari. Mji wa Bradford ulikuwa umetangulia. Tangu 1893 ulikuwa na daktari wa shule, James Kerr, na mwaka 1897 ulijenga bafu ndani ya shule ili watoto waoge. Sheria yenyewe ilikuwa na kichekesho chake: mwanzoni kukagua kulikuwa lazima, kutibu kulikuwa hiari. Yaani mzazi anaandikiwa barua kwamba mwanawe ana tatizo la macho, halafu atajua mwenyewe pa kupata miwani.

Ikabadilika polepole, na baada ya sheria ya elimu ya 1944 matibabu yakawa bure. Bibi yangu, aliyezaliwa 1938, aliyakuta yote haya yakiwa mambo ya kawaida. Anakumbuka kuvuliwa nguo akabaki na fulana mbele ya daktari, mama yake amekaa pembeni na kofia kichwani kama yuko kanisani. Anakumbuka kupimwa uzito na urefu. Asichokumbuka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha, ni kwamba alikuwa anapewa herufi. Tangu 1935 daktari aliandika hali ya lishe ya kila mtoto kwa herufi: A safi sana, B kawaida, C pungufu kidogo, D mbaya. Ukaguzi huo ulifanyika mara tatu katika maisha ya mwanafunzi, anapoanza, akiwa na kama miaka minane, na anapokaribia kumaliza. Kila mwaka daktari wa mji alijumlisha herufi zote, chawa wote, mapunye yote, masikio yote yanayotoa usaha, akachapisha kijitabu kwa ajili ya halmashauri.

Nimevisoma vijitabu vya namna hiyo usiku kwenye simu, wakati wa zamu za kulala macho. Vinachosha kama daftari la mahudhurio. Jedwali juu ya jedwali. Na bado siachi.

Kwa sababu mtu akihesabu kila mwaka kwa namna ileile, kuna siku hesabu inamgeukia. Mfano ninaoupenda ni wa mafindofindo. Miaka ya 1930 kuondoa mafindofindo kwa upasuaji ilikuwa kama fasheni, watoto walikatwa kwa maelfu. Hornsey, mji uliokuwa kaskazini mwa London, watoto 186 walifanyiwa upasuaji huo mwaka 1928. Mwaka uliofuata walikuwa 12. Watoto hawakubadilika, koo zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni daktari wa shule. Aliyeingia hakuamini katika kisu. Daktari mmoja wa serikali, Alison Glover, alikusanya takwimu za miji na majimbo mengi akazisoma mbele ya madaktari wenzake mwaka 1938, na ikaonekana wazi kwamba mtoto kukatwa au kutokatwa kulitegemea anaishi wapi na daktari wake ni nani, kuliko koo lake lilivyo.

Lakini hesabu nayo inadanganya, tusijisifu. Wauguzi wa shule walipekua vichwa kwa kitana miaka nenda rudi, na vijitabu vikaonyesha kwamba chawa wanapungua vizuri. Vita vilipokuja, watoto wa mijini wakagawiwa kwa familia za mashambani, mama wenyeji wakapiga kelele. Mtaalamu wa wadudu, Kenneth Mellanby, akatafuta njia nyingine: alichukua kumbukumbu za watoto waliolazwa hospitali za magonjwa ya kuambukiza, ambako kila kichwa kilitazamwa bila taarifa. Katika miji mikubwa ya viwanda, karibu nusu ya wasichana walikuwa na chawa. Bila shaka muuguzi wa shule alipotangaza kwamba anakuja Jumatatu, Jumapili usiku kila mama alikuwa na mtoto katikati ya magoti na gazeti limetandikwa chini. Mama yangu angefanya hivyohivyo.

Basi turudi mtoni. Septemba 1939 watoto wa miji iliyotarajiwa kupigwa mabomu walipakiwa kwenye treni, kila mmoja na kikaratasi cha jina kimefungwa kwenye koti na boksi la barakoa ya gesi begani. Baadhi ya watoto wa South Shields waliangukia Westmorland, nchi ya maziwa na kondoo upande wa magharibi. Kule, daktari wa meno wa shule alikuwa na kazi yake ya siku zote: kioo kidogo, kijiti cha chuma chenye ncha, fungua mdomo, mwingine. Akaona jambo lisiloingia akilini. Hawa watoto wa bandarini, waliokulia kwenye moshi wa makaa, na baba zao walishinda miaka bila kazi, walikuwa na meno mazuri kuliko watoto wa shamba waliolelewa kwa maziwa na hewa safi.

Habari ikamfikia Robert Weaver, afisa wa meno wa serikali upande wa elimu. Weaver alikuwa anajua kinachoendelea Marekani. Huko daktari wa meno wa Colorado, Frederick McKay, alihangaika miaka mingi na meno ya kahawia ya wagonjwa wake, mpaka mwaka 1931 ikagundulika kwamba chanzo ni madini ya floridi katika maji ya kunywa. Na wale wenye meno ya kahawia, jambo la ajabu, meno yao hayakuoza sana. Kwa hiyo Weaver alijua pa kuuliza. Alitaka kujua watoto wa South Shields wanakunywa nini.

Walikuwa wanakunywa maji ya visima virefu vilivyochimbwa kwenye mwamba wa chokaa. Juu ya vilima vya Cleadon, nje kidogo ya mji, bado umesimama mnara wa bomba la moshi la mitambo ya mvuke iliyokuwa inavuta maji hayo tangu miaka ya 1860; nilipanda mpaka pale, ni mnara mzuri kama wa kanisa la Italia, na mbwa wa watu wanaukojolea. Maji hayo yalikuwa na floridi miligramu 1.4 kwa lita. North Shields walikunywa maji ya mvua yaliyokusanywa kwenye bwawa milimani, floridi yake haikufika miligramu 0.25. Ukichukua tangi la lita elfu moja, tofauti yao ni kama uzito wa vidonge viwili vya panadoli.

Sasa Weaver akafanya kitu chepesi sana ambacho ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Alivuka mto. Alikagua watoto wa miaka 5 na wa miaka 12 huku, akavuka, akakagua wa umri huohuo kule, akahesabu meno yaliyooza, yaliyong'olewa na yaliyozibwa. Ripoti yake ilitoka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea. North Shields mtoto wa miaka 5 alikuwa na meno 6.6 yaliyoharibika kwa wastani. South Shields 3.9. Miaka 12, North Shields 4.3, South Shields 2.4.

Dakika saba za kivuko.

Nilimsomea bibi tarakimu hizo nikiwa namkaushia nywele. Mwaka 1943 alikuwa na miaka mitano, alikuwa anasoma shule ya palepale mjini. Sijui kama Weaver alimfungua mdomo yeye mwenyewe, naye hakumbuki, kwa sababu daktari wa meno wa shule alikuwa daktari wa meno tu, hakujitambulisha kwamba ni historia. Anachokumbuka ni harufu ya mpira mweusi waliokufunika nao puani kliniki kwa ajili ya gesi ya usingizi, na kurudi nyumbani skafu imefungwa mdomoni ili baridi isiingie kwenye pengo. Aling'olewa mawili tu. Mumewe alimwonea wivu kwa hayo miaka hamsini.

Kuhusu mengine yaliyowapata watoto wa wakati ule naweza kupita haraka, ingawa ni makubwa kuliko meno. Dondakoo liliua watu 3,283 Uingereza mwaka 1940, wengi wao watoto. Chanjo ikaanza kutolewa nchi nzima, na mwaka 1957 waliokufa walikuwa sita. Kifua kikuu: kuanzia 1953 watoto wa kama miaka 13 walichanjwa BCG begani shuleni. Polio: chanjo ilifika 1956, lakini wazazi na vijana walijikongoja mpaka Aprili 1959, mchezaji wa timu ya taifa Jeff Hall alipokufa kwa polio akiwa na miaka 29, baada ya hapo foleni zilizunguka majengo. Na maziwa. Tangu Agosti 1946 kila mwanafunzi alipewa theluthi moja ya painti bure kila siku, chupa ndogo ya kushika kwa mkono mmoja. Bibi anayachukia hadi leo. Majira ya baridi yaliganda, mwalimu akayapanga kando ya moto yayeyuke, na mtoto akanywa kitu cha uvuguvugu chenye utando. Ukimtajia Margaret Thatcher, aliyeyafuta mwaka 1971 kwa watoto wa zaidi ya miaka saba akaitwa mnyang'anyi wa maziwa, bibi husema hilo ndilo jema pekee alilolifanya.

Huduma ya meno ndiyo iliyokuwa yatima wa familia. Tarehe 5 Julai 1948 huduma ya afya ya taifa ilianza, matibabu bure kwa kila mtu, na unadhani shuleni mambo yangekuwa mazuri zaidi. Yakawa mabaya. Serikali iliwalipa madaktari wa meno wa mitaani kwa kila jino wanalotibu, na watu wazima walikuwa wamejaa mlangoni na vinywa vyao vya miaka arobaini. Daktari wa shule aliyekuwa kwenye mshahara wa halmashauri akapiga hesabu, akafungasha kioo chake akahama. Miji ikabaki na kliniki zenye kiti bila daktari. Na wakati huohuo peremende zikarudi: mgao wa vita ulifutwa Aprili 1949, watu wakavamia maduka hadi Agosti ukarudishwa, ukafutwa moja kwa moja Februari 1953. Siwalaumu wale madaktari. Nimeona wauguzi wangapi wa kwetu wakifungasha.

Kazi ya Weaver ilikuwa mojawapo ya sababu Uingereza ikaanza kujaribu kutia floridi kwenye maji, miaka ya 1955 na 1956, Watford, Kilmarnock na kisiwa cha Anglesey. Mji wa nne ulikuwa Andover. Huko wapinzani walisema ni sumu, wakashinda viti vya halmashauri, na mwaka 1958 bomba likafungwa. Nilipolisoma hilo nilitamani kuwacheka wale wa Andover. Sikuweza.

Maana kwa mtu wa kwetu neno sumu si la kijinga. Hata Uingereza kulikuwa na Maji ya Chai yake: Maldon, mji mdogo wa Essex, ambako daktari wa meno Norman Ainsworth alikuta watoto wa shule wenye meno yenye madoa ya kahawia, akaandika habari zao mwaka 1933. Maji yao yalikuwa na floridi kati ya miligramu 4.5 na 5.5. Niliposoma maelezo ya meno yale, niliinuka nikaenda kujitazama kwenye kioo cha choo cha wafanyakazi. Kitoto cha Kizungu cha Essex, chenye mdomo wangu.

Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa miaka mingi, iliruhusu hadi 8 kwa maji ya vijijini. Si kwamba watu wa wizara hawakusoma. Ni kwamba ukipiga marufuku yote yanayozidi hapo, watu wa Bonde la Ufa watakunywa nini? Volkano imetupa udongo mweusi unaoota kila kitu, na imetudai meno. Meno ya mtoto yanajengwa ndani ya fizi kabla hujayaona. Akinywa floridi nyingi katika miaka yake ya kwanza, mpaka kama minane, jino linatoka tayari limeshaharibika. Hakuna mswaki unaolifikia. Ikizidi zaidi inaingia kwenye mifupa. Kijiji cha pili kutoka kwetu kulikuwa na watoto wenye matege ya kutisha, na sisi tuliambiwa tusiwatazame sana, tutazaa wa hivyo.

Shuleni kwangu kulikuwa na ukaguzi pia, kila Ijumaa mstarini. Kucha, nywele, kola ya shati, meno. Mwalimu mmoja, simtaji, alitupanga wenye meno machafu upande wetu. Tulikuwa nusu ya darasa. Fimbo mbili mbili, kisha kwenda mtoni kusugua. Tulisugua kwa mchanga, kwa mkaa, kwa majivu. Rafiki yangu mmoja alitumia waya wa kusugulia masufuria. Jumatatu tulirudi na fizi zinavuja damu na meno yaleyale. Nikifikiria sasa, yule mwalimu alikuwa na kila kitu alichokuwa nacho Weaver: watoto wamesimama mstari mmoja, midomo wazi, kila wiki. Watoto wa kutoka Moshi mjini, waliohamia, walisimama upande wa pili wakiwa na meno meupe. Mto wenyewe unaitwa Maji ya Chai. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza kwa nini waliohamia ni weupe, na kuandika.

Walikuwepo walioandika, lakini si kwa ajili yetu. Mwaka 1964 madaktari walichapisha habari za ugonjwa huu wa kaskazini mwa Tanganyika katika jarida la huko Uingereza. Mimi nilichapwa miaka thelathini baadaye. Baadaye nikajua pia kwamba Ngurdoto, karibu kabisa na kwetu, kuna kituo cha serikali cha kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe: unachoma mifupa, unaponda, unapitisha maji, madini yanang'ang'ania humo. Utoto wangu wote nilipita barabara ile.

Na magadi. Hili nalo nililijua ukubwani. Mama hutia magadi kwenye makande ili maharage yaive haraka na kuni zisiishe, na magadi ya kwetu nayo yana floridi. Nilimpigia nikamweleza habari ya Weaver na mto, na miji miwili, na magadi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mwanangu umeenda Ulaya kuniambia makande yangu ndiyo yaliyokuharibu."

"Hapana mama. Ni maji zaidi."

"Maji ya Mungu."

Nikanyamaza. Akauliza kama nimekula.

Machi 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itapanua kutia floridi kwenye maji ya kaskazini mashariki, watu milioni 1.6 zaidi, na South Shields imo katika eneo hilo. Nilimsomea bibi gazeti. Alishangaa. "Si tulikuwa nayo?" Nikamwambia ndiyo, mlikuwa nayo. Akataka chai, ya rangi, sukari vijiko viwili, na meno yake 22 akainywa ikiwa ya moto.

Dada yangu ana mtoto wa miaka sita. Tangu nianze makelele haya amenunua tangi la kukinga maji ya mvua, na kiangazi hununua maji ya madumu kwa ajili ya mtoto peke yake. Wakubwa wanaendelea na ya bomba. Mama anaita maji yale "ya mtoto wa mfalme". Makande ya mtoto yanapikwa sufuria yake, bila magadi, yanaiva mchana kutwa.

Jana nimempigia kwa video. Mtandao ulikuwa unakatika, uso unaganda, unarudi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Fungua mdomo."

Amezoea, haulizi tena kwa nini. Akafungua mpaka koromeo likaonekana, na mama yake akammulika kwa tochi ya simu nyingine. Nikahesabu kwa sauti, naye akahesabu pamoja nami. Ya chini mawili ya mbele yameng'oka. Katikati ya pengo, kwenye fizi, kulikuwa na mstari mwembamba, ncha ya jino la kudumu linalotoka.

"Rangi gani?" nikamuuliza dada.

Akainama akatazama kwa karibu. Picha ikaganda.